Kuyatambua maua ya pwani kwa iNaturalist: tathmini kutoka Tanga na Pangani

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitumia iNaturalist, huduma ya mtandaoni ya kuwatambua viumbe kwa picha, kuyatambua maua ya porini yanayoota katika ukanda wa pwani ya Tanga, kuanzia Raskazone mjini hadi ufukwe wa Ushongo, kusini ya mto Pangani. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayependa mimea, mwenye simu ya kawaida, ambaye amewahi kusimama mbele ya ua asilolijua na kujiuliza kama ni lile lile aliloliona wiki iliyopita likiwa na rangi nyingine. Swali hilo la rangi ndilo lililonifikisha kwenye huduma hii, na ndilo nitakalolitumia kuipima, kwa sababu katika pwani yetu rangi ya ua humpoteza mtu kuliko kitu kingine chochote.

Nianze na kisa chenyewe. Alasiri moja, yapata saa kumi, nilikuta maua mekundu yamejaa mchangani chini ya mti mkubwa wenye majani ya umbo la moyo, karibu na mahali wavuvi wanapopandisha ngalawa. Niliokota moja, nikalipiga picha na kuiwasilisha kwenye programu moja ya kulipia, ambayo sitaitaja jina, nikajibiwa kwa uhakika mkubwa kwamba hilo ni ua la bustani la aina fulani yenye maua mekundu. Jibu halikuniridhisha, maana hapakuwa na bustani wala nyumba karibu. Kesho yake nilirudi mapema, saa moja asubuhi, nikaukuta mti ule ule umejaa maua ya manjano yenye kitovu cha hudhurungi iliyoiva, na hakuna hata moja jekundu lililokuwa bado tawini. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepoteza nini hapa tangu jana?"

Nilimweleza. Akacheka kidogo, akaniambia kwamba huo ni mtakawa, kwamba magome yake ndiyo waliyosokotea kamba kabla kamba za nailoni hazijaenea, na kwamba ua lake huzaliwa manjano, hugeuka kama chungwa mchana, na huanguka likiwa jekundu jioni. "Ukija asubuhi na ukija jioni, utadhani ni miti miwili," alisema.

Nilipoanza kutumia iNaturalist, rekodi yangu ya kwanza ilikuwa ya mti huo. Nilipakia picha tano za siku moja: ua la manjano la asubuhi, ua la rangi ya chungwa la saa nane mchana, ua jekundu lililoanguka, jani kwa upande wa juu, na jani hilo hilo kwa upande wa chini. Programu ilinipendekezea Talipariti tiliaceum, ambao vitabu vingi bado vinauita Hibiscus tiliaceus, na baadaye mtu mwingine nisiyemjua akathibitisha, akinieleza kwamba weupe wa vinyweleo chini ya jani ndio uliomwondolea shaka. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya huduma hii na ile niliyoilipia: hii haikuishia kwenye picha moja ya ua moja, bali ilipokea siku nzima ya mti, pamoja na tarehe, saa na mahali, kisha ikaliacha neno la mwisho kwa watu.

Kwa asiyeifahamu, iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya kuhitimu ya wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Baadaye ililelewa na California Academy of Sciences pamoja na National Geographic Society, na tangu mwaka 2023 inasimama yenyewe kama shirika lisilo la faida. Haina ada wala matangazo. Unafungua akaunti, unapakia picha za kiumbe chochote cha porini, kompyuta inakupa mapendekezo, na watumiaji wengine, wakiwamo wataalamu wa mimea, wanaweza kukubali, kukosoa au kupendekeza jina jingine. Rekodi yenye picha, tarehe na mahali, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wamekubaliana kuhusu spishi yake, hupanda kuwa ya daraja la utafiti, na ikiwa mwenye picha ameweka leseni inayoruhusu, huingizwa pia katika hazina ya kimataifa ya takwimu za viumbe inayoitwa GBIF. Kwa hiyo ua ulilolipiga picha Ushongo laweza kumfikia mtafiti ambaye hutamwona kamwe.

Sasa nirudi kwenye rangi, maana hapa ndipo huduma inapoonyesha thamani yake kwa mtu wa pwani. Baada ya rekodi nyingi nimejifunza kuzigawa tofauti za rangi kulingana na chanzo chake. Kuna rangi inayobadilika kwa umri wa ua, kama ya mtakawa. Kuna rangi ya kurithi, ambapo mmea mmoja huzaa maua meupe maisha yake yote na jirani yake wa spishi ile ile huzaa ya waridi. Na kuna rangi ambayo haipo kabisa kwenye ua, bali imetengenezwa na kamera ya simu. Mtu akizichanganya, hawezi kutambua chochote, hata akiwa na programu bora duniani.

Za umri ndizo nyingi na ndizo zinazopendeza kuzifuatilia. Lantana, ambayo ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kama pambo na sasa imevamia mashamba na vichaka vyetu, ina shada ambalo maua machanga ya katikati ni ya manjano huku yaliyozeeka pembeni yakiwa ya waridi au mekundu, kiasi kwamba shada moja huonekana kama limechanganywa kwa mkono. Gloriosa superba, ule mmea unaopanda kwa kujishikiza kwa ncha za majani yake na ambao petali zake zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto, hufungua ua la kijani na manjano, kisha wekundu hupanda kutoka ncha mpaka ua zima liive. Niseme hapa kwa msisitizo kwamba mmea huu una sumu kali katika sehemu zake zote, hasa kiazi chake, na mtoto asiachwe kuuchezea kwa sababu ya uzuri wake. Katika iNaturalist unaweza kufungua ukurasa wa spishi na kuona picha za watu wengi kwa pamoja, ua changa kando ya lililokomaa. Hilo limenisaidia kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuyasoma.

Za kurithi, mfano wangu mkuu ni Catharanthus roseus, yule wa asili ya Madagaska ambao umetoroka kwenye bustani na kuota wenyewe kwenye mawe ya matumbawe na kandokando ya njia za mchanga. Utaukuta wa waridi, mweupe mtupu, na mweupe wenye jicho jekundu katikati, yote katika umbali wa hatua kumi, na wala haibadiliki kutoka rangi moja kwenda nyingine kadiri siku inavyosonga. Ni mmea huo huo uliowapa madaktari dawa za saratani za vinblastini na vinkristini, na pia una sumu. Nilipopakia wa rangi zote tatu kama rekodi tatu, zote zilipata jina moja, nami nikaandika rangi ya kila mmoja kwenye sehemu ya maelezo. Kuziweka picha za mimea mitatu katika rekodi moja ni kosa linalofanywa na wengi wanaoanza. Kanuni ya huduma hii ni kwamba rekodi moja ni ya kiumbe kimoja, kwa wakati mmoja na mahali pamoja, na kanuni hiyo ikivunjwa, tofauti ya rangi ambayo ingekuwa taarifa muhimu hugeuka kuwa vurugu.

Kuhusu rangi ya kamera, naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Ua la Clitoria ternatea, lile la buluu iliyokolea lenye weupe na manjano kooni, mara nyingi hutoka kwenye picha likiwa zambarau, na watu wamewahi kuniambia kwamba wanayo aina ya zambarau ilhali wanayo ya buluu kama yangu. Buluu na zambarau ni rangi zinazozishinda kamera nyingi za simu, na jua la saa sita juu ya mchanga mweupe huzidisha tatizo kwa kuzifanya rangi nyepesi zionekane nyeupe kabisa. Dawa niliyoipata ni rahisi: ninabeba kipande cha karatasi nyeupe, ninakiweka kando ya ua katika picha moja, na ninapiga picha asubuhi au ninapokuwa nimelikinga ua kwa kivuli cha mwili wangu. Yeyote atakayeitazama rekodi ataona karatasi ile ni nyeupe au imegeuka samawati, na atajua picha imepotoka kiasi gani.

Upungufu ulio wazi wa iNaturalist, kwa mtu anayetafiti rangi, ni kwamba mfumo wake wa kawaida haumlazimishi mtumiaji kuitaja rangi ya ua. Unamruhusu kuonyesha kama mmea una maua, matumba au matunda, lakini rangi huachwa kwa maelezo ya hiari. Matokeo yake ni kwamba anayetaka kulinganisha weupe na uwaridi katika ukanda mzima lazima azipitie picha moja baada ya nyingine. Kwa mtembezi wa kawaida hilo si kikwazo, lakini mwalimu anayetaka kuwafanyisha wanafunzi zoezi la kuhesabu rangi ni vizuri ajue mapema, awaagize waandike rangi na saa katika kila rekodi.

Jingine la kujua ni kwamba mapendekezo ya kompyuta yamejifunza kutokana na picha zilizopo, na nchi zenye watumiaji wengi zaidi, hasa Marekani na za Ulaya, ndizo zilizoijaza hazina hiyo kwa wingi. Mfumo una kipengele kinachoonyesha spishi zinazotarajiwa karibu na mahali ulipo, nami namshauri kila mtu wa huku asikizime. Hata hivyo, pendekezo la kwanza katika orodha si hukumu. Mara nyingi programu yenyewe husema inaamini jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, kisha hutaja spishi kadhaa. Katika hali hiyo chagua jenasi, uwaachie wanaojua waishushe hadi spishi. Kuandika jina la jumla lililo sahihi kuna faida kuliko kubahatisha jina mahususi, kwa sababu jina la kubahatisha humvuta mtu wa pili akubali bila kutazama, na kosa la watu wawili likishapanda daraja ni kazi kulishusha.

Hebu nionyeshe kwa mimea miwili jinsi ya kutazama. Juu ya mchanga mkavu, nyuma kidogo ya mstari wa maji kujaa, hutambaa mimea miwili yenye maua ya waridi yanayoelekea zambarau, na kwa mbali huwezi kuitofautisha. Mmoja ni Ipomoea pes-caprae, ndugu wa kiazi kitamu, ambao ua lake ni faneli nzima isiyogawanyika, iliyokolea rangi kooni, na jani lake limepasuka ncha kama kwato ya mbuzi. Jina lake la Kilatini lina maana hiyo hiyo, mguu wa mbuzi. Mwingine ni Canavalia rosea, wa jamii ya kunde, wenye vijani vitatu katika kila kikonyo, ua la umbo la ua la kunde, na baadaye ganda nene la mbegu. Rangi inasema ni kitu kimoja, jani linasema ni familia mbili tofauti. Anayepakia picha ya ua peke yake, akiwa amelikaribia mno, anajinyima ushahidi uliokuwa sentimita kumi tu kando yake.

Mtakawa nao una jirani wa kumchanganya. Thespesia populnea huota pwani hizo hizo, nao una ua la manjano lenye jicho la kahawia iliyokolea ambalo huzeeka kwa kugeuka rangi, ingawa lake huelekea waridi na zambarau. Nimesikia watu wakiipa miti yote miwili jina la mtakawa. Ukitaka uhakika, geuza jani: la Thespesia linang'aa na ni laini pande zote, la mtakawa wa kamba lina vinyweleo vyeupe chini. Kisha tazama kikombe kilichoshika ua. Cha Thespesia kimekatwa sawasawa ukingoni kama kikombe cha kahawa, na cha mwenzake kina meno matano. Picha ya kikombe hicho, iliyopigwa kwa ubavu, imetatua ubishi katika rekodi zangu kuliko picha kumi za ua likitazamwa kwa mbele.

Katika mikoko kazi ni ngumu zaidi kwa sababu ya matope, lakini malipo yake ni makubwa. Vikombe vya maua ya msinzi, ambao wengine huuita muia, mara nyingi ni vyekundu kabisa, na katika miti mingine ni vya kijani kinachoelekea manjano, na aliyezoea vyekundu anaweza kudhani amegundua mti mpya. Mchu una maua madogo ya manjano yanayokaribia rangi ya chungwa, yasiyovutia jicho mpaka uyakaribie. Kikandaa una meupe. Ua la Sonneratia alba, mti ambao kwetu huitwa mpira au mlilana kutegemea umesimama kijiji gani, ni shada la nyuzi nyeupe linalofunguka usiku, na asubuhi nyuzi nyingi zimekwisha anguka majini. Hakuna mtandao wa uhakika ndani ya mikoko, lakini hilo si tatizo: piga picha, hakikisha simu imewasha huduma ya mahali ili picha zibebe alama hiyo, kisha pakia ukiwa nyumbani kwenye bando la kutosha.

Kwa upande wa ulinzi wa mimea iliyo hatarini, naipa huduma hii sifa kamili. Mkoa wetu ndio ulioipa dunia ua linalouzwa katika vyungu Ulaya na Marekani chini ya jina la urujuani wa Afrika. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala katika eneo la Usambara enzi za ukoloni, aliupeleka kwao mnamo 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wameuweka katika jenasi Streptocarpus. Wa dukani umezalishwa mpaka ukawa mweupe, wa waridi na wa rangi mbili, ilhali wa porini, unaoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu karibu na Tanga na katika misitu ya Usambara Mashariki, ni wa buluu inayoelekea zambarau. Makazi yake ni madogo na yanazidi kuminywa. iNaturalist huficha mahali halisi pa spishi zilizotambuliwa kuwa hatarini, ikionyesha tu nukta ya kubahatisha ndani ya eneo lenye upana wa nyuzi 0.2 za latitudo na longitudo, ambalo kwa huku kwetu ni kama kilomita 22 kila upande. Hata spishi isiyofichwa na mfumo, mwenye rekodi anaweza kuificha mwenyewe kwa kubadili mpangilio mmoja. Ninawaomba wote wanaopiga picha za mimea adimu wafanye hivyo, na wasiwaelekeze watu mahali kwa kuonyesha jabali au kibao cha njia nyuma ya ua.

Kuna alama nyingine ambayo watu huipuuza, nayo ni ya kuonyesha kuwa mmea umepandwa. Fukwe zetu zina hoteli, na hoteli zina bougainvillea na mijasmini ya kupandwa ya kila rangi. Ukipakia mimea hiyo bila kuweka alama hiyo, unachafua ramani ya maua ya porini, na mtafiti wa mbali atadhani imeota yenyewe mchangani.

Jambo ninalolipenda zaidi ni nafasi ya majina. Mtumiaji anaweza kuongeza jina la Kiswahili kwenye ukurasa wa spishi, likaonekana kwa wote. Majina ya mimea mingi ya pwani yamo vichwani mwa wazee wanaotengeneza nyavu na akina bibi wanaochuma mboga na dawa, na hayajaandikwa popote ambapo kijana atayaona. Uangalifu unahitajika, kwa kuwa jina moja hubeba miti miwili, kama nilivyoeleza kuhusu mtakawa, na mti mmoja hubeba majina matatu kati ya Moa na Pangani. Basi kabla sijaongeza jina, huwa nalithibitisha kwa watu wawili wa vijiji tofauti, nikiwa nao mbele ya mmea wenyewe na si mbele ya picha.

Ninaipendekeza iNaturalist kwa moyo wote kwa mtu mwenye subira ya kupiga picha tano badala ya moja. Anayetaka jibu la papo kwa papo, alionyeshe ua na kuondoka, ataona mapendekezo ya kompyuta yanamtosha, ila asiyachukulie kuwa uthibitisho, na kwa vyovyote asile wala kumpa mtu dawa ya mmea kwa kutegemea jina alilopewa na simu.

Mimi bado ninadaiwa rekodi moja. Ipomoea violacea, ingawa jina lake linataja urujuani, ina ua jeupe kubwa linalofunguka usiku na kusinyaa jua likichomoza, na kila nilipofika Ushongo asubuhi nimekuta faneli zimekwisha kujikunja kama kitambaa kilicholoa. Nimekwisha andaa tochi na karatasi yangu nyeupe, na mwezi ukiandama nitalala huko huko.